Kabla ya kufunga chaja ya gari, nyaya za nyumba zikaguliwe

Wafanyabiashara wadogo na wakulima wengi wameanza kuyatazama magari, bajaji na pikipiki za umeme kwa matumaini. Hesabu yao ni nyepesi: petroli hununuliwa kila siku, ilhali umeme tayari upo nyumbani.

Hesabu hiyo ina kasoro moja. Inalinganisha bei ya lita na bei ya uniti, lakini inaziruka nyaya za nyumba ambamo chombo hicho kitachajiwa.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo la umeme nchini limekwisha baada ya mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, kuanza kuzalisha mwaka 2024. Ni kweli umeme umeongezeka kwenye gridi. Hata hivyo, waya uliofungwa miaka 20 iliyopita kwa ajili ya taa, redio na pasi ni ule ule.

Chaja ndogo ya gari inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida huvuta takriban ampea 10, sawa na wati 2,300. Chaja ya ukutani ya wati 7,000 huvuta ampea 30 kwenye umeme wa volti 230. Pasi hutumika kwa dakika chache ikazimwa, lakini gari huweza kuchajiwa usiku kucha. Mzigo ukiongezeka mara mbili, joto ndani ya waya huongezeka mara nne. Waya mwembamba au soketi iliyolegea haiwezi kustahimili hali hiyo, na moto ukizuka usiku hauchagui kati ya gari, duka na watoto waliolala.

Kwa hiyo fundi aitwe kabla fedha za chombo hazijatoka mfukoni. Awe fundi mwenye leseni ya EWURA, si yule wa kuunganisha tu taa ikawaka. Aangalie unene wa nyaya, swichi kubwa, waya wa ardhi, na kama kuna kifaa cha kukata umeme unapovuja. Ajumlishe pia mzigo wa friji, pampu ya maji na mashine nyingine zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Chaja ya ukutani inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kubwa. Kuiunganisha kwa ekstensheni ni kukaribisha hasara.

Dalili nyingine mwenye nyumba anaweza kuziona mwenyewe. Soketi inayopata moto, plagi iliyoanza kuyeyuka, au taa zinazofifia kila friji linapowaka, zote zinaonyesha kuwa mfumo umeelemewa au una mahali palipolegea. Kwa walio mwisho wa laini vijijini, ambako umeme huwa mdogo jioni, ni vyema TANESCO waulizwe mapema kama laini inamudu, au kama mteja anahitaji umeme wa njia tatu.

Mita nayo isisahaulike. Mteja wa kundi la D1, linalowalenga wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, akijaza mara mbili tu betri ya uniti 40 atakuwa ameuvuka mpaka huo na kuingia kwenye bei ya juu. Kwa wapangaji wanaochangia LUKU moja, huo ni mwanzo wa ugomvi.

Wauzaji wa vyombo hivi wana wajibu hapa. Muuzaji anayeeleza kilomita ngapi betri itafika, lakini asiulize nyumba ya mteja ina umeme wa aina gani, ameuza nusu ya maelezo. Gharama ya ukaguzi na nyaya mpya iwekwe kwenye bei tangu mwanzo, ili mnunuzi ajue kama biashara inalipa kweli. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na ukuta ulioungua hujengwa kwa mtaji wa biashara nzima.