Maji Yako Bondeni, Sisi Tuko Kilimani

Kila mwaka unapoanza tunaitwa kikaoni tuseme kijiji kinahitaji nini, na kila mwaka tunajibu: maji. Karani anaandika maji. Karatasi inakwenda tarafani, inafika wilayani, na kinachorudi ni lango la saruji lenye jina la kijiji, au uzio wa ofisi, au semina ya siku mbili. Hatulikatai lango. Lakini mama mwenye dumu kichwani hapiti langoni. Anashukia nyuma ya nyumba, kwa njia ya mbuzi, hadi mtoni, kisha anapanda.

Sisi ni watu wa Sumba, kisiwa cha kusini mashariki mwa Indonesia, katika mkoa wa Nusa Tenggara Timur, ambao makao yake makuu, Kupang, yako kisiwa kingine ng'ambo ya bahari. Wazee wetu walijenga juu ya vilima kwa sababu zamani bondeni palikuwa na hatari: vita vya koo, wakata vichwa, mabaharia waliokuja kuteka watu wakawauze utumwani. Hatari hizo zilikwisha, na sisi tukabaki juu, kwenye makaburi ya mawe ya babu zetu. Kiangazi huingia mwezi wa Aprili au Mei na huweza kufika Novemba. Ikifika Septemba mto umekuwa vidimbwi, na mtoto anashuka na dumu la lita 5 kabla ya shule na baada ya shule. Wageni hupenda kuvipiga picha vilima vyetu vikiwa vimekauka hivyo. Ni vizuri kweli, nasi tunavipenda, ndiyo maana hatutaki kuhamishwa. Tunataka maji yapande.

Yaliwahi kupanda. Kama vijiji vingi vya jirani, tulichimbiwa kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua, na siku maji yalipotoka bombani bibi zetu walilia. Halafu pampu ikafa. Kipuri kilitakiwa kiagizwe kutoka mji wa Surabaya, fundi alitaka nauli, mkandarasi akasema mkataba wake ulikwisha siku ya uzinduzi. Hapo ndipo panapotuuma. Fedha ya kujenga hupatikana, fedha ya kutunza haimo kwenye kitabu chochote, na mradi huandikwa umekamilika siku ile utepe unapokatwa. Paneli bado ziko juu ya paa, tangi liko, mabomba yako. Kilichokosekana ni kijana mmoja wa hapa hapa aliyefundishwa kuifungua pampu, na sanduku la vipuri pale tarafani. Tumelisema hili mpaka sauti zimekauka.

Tusimdhulumu mtu: fedha inakuja. Sheria ya vijiji ya 2014 ilitupa haki ya kupanga mambo yetu wenyewe, na tangu 2015 serikali kuu hutuma fungu kwa kila kijiji. Kwa nchi nzima, vijiji kama 75,000, kati ya 2022 na 2024 lilikuwa karibu rupia trilioni 70 kwa mwaka. Njia ya saruji inayopita katikati ya nyumba zetu ilitoka humo. Lakini mwaka 2022 agizo kutoka Jakarta lilitaka angalau asilimia 40 ya fungu igawiwe kama posho ya fedha taslimu, asilimia 20 iende kwenye chakula, asilimia 8 kwenye korona. Sasa jumlisha. Theluthi mbili na zaidi ilikuwa imeshapangiwa kazi kabla hatujakaa mkekani, na tulichoitiwa kujadili kwa siku nzima ni masalia. Wenye nyumba za nyasi waliipokea posho na ikawafaa. Hata hivyo, mtu aliyepewa fedha ya kununulia maji hajapewa maji.

Tena wakuu wa vijiji walisafiri kutoka pande zote za nchi hadi Jakarta kuandamana, wakidai muda wao uongezwe, na 2024 sheria ikabadilishwa: kutoka miaka sita hadi minane kwa kipindi. Bapa Desa, yaani mkuu wa kijiji chetu, ni mtu mwema, tunamheshimu, tutamwambia usoni hili tunaloliandika hapa. Kama safari ya Jakarta inawezekana kwa ajili ya miaka miwili ya kiti, basi ilikuwa inawezekana kwa ajili ya kisima.

Mvua nazo zimevurugika. Mahindi yakipandwa kwa mvua ya kwanza na ya pili ikachelewa, yanakufa yakiwa ya kifundo cha mguu, na mbegu ndiyo hiyo imepotea. Kuanzia Novemba hadi mavuno ni majira ya njaa. Hatuna jina jingine. Hapo tunaingia msituni kuchimba iwi, kiazi mwitu chenye sumu, tunakikata vipande vyembamba na kukiloweka siku kadhaa katika maji yanayotiririka ndipo kilike. Fikiria chakula cha njaa kinachodai maji mengi hivyo. Aprili 2021 kimbunga Seroja kilibomoa banio la Kambaniru, lililokuwa likinyweshea mashamba ya mpunga ya karibu na mji wa Waingapu, na kati ya 2020 na 2022 nzige walipita upande wa mashariki wa kisiwa makundi kwa makundi. Kisha nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoandikwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya zaidi ya miaka 100 iliyopita, ilifika mkoani kwetu 2020. Nguruwe kwetu ni ada ya shule, ni nauli ya mgonjwa, ni heshima msibani. Zizi likiisha, mtoto wa sekondari anarudi nyumbani.

Ndiyo sababu hatushangai takwimu. Uchunguzi wa serikali wa 2022 ulikuta asilimia 35.3 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kiwango kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote wa Indonesia. Wataalamu walikuja na kanda za kupimia urefu. Sisi tulijua tangu zamani, tunawavisha nguo watoto hao.

Watu wa mjini hutuambia umaskini wetu ni mila: farasi na nyati wa mahari, mifugo inayochinjwa maziko yakifika, madeni yanayorithiwa na wajukuu. Kuna ukweli hapo, na usiku barazani tunabishana wenyewe kwa wenyewe, vijana wakitaka mahari ipunguzwe, wazee wakiuliza undugu utashikwa na nini. Tutaendelea kubishana. Ila mila haikuvunja pampu. Wala si mila inayomlipa mwalimu wa muda kama rupia 300,000 kwa mwezi, tena kwa kuchelewa, mpaka mwalimu huyo anauza mboga baada ya vipindi ili aweze kurudi darasani kesho yake.

Simu tunaipata tukipanda kilima cha pili. Ulikuwapo mradi wa minara 4,200 ya mtandao kwa vijiji vya pembezoni kama hiki. Wakaguzi walihesabu hasara ya zaidi ya rupia trilioni 8, na Novemba 2023 mahakama ilimhukumu aliyekuwa waziri wa mawasiliano, mzaliwa wa mkoa wetu huu huu, kifungo cha miaka 15 kwa ufisadi katika mradi huo. Wapo wanaoona haki imetendeka. Sisi bado tunapanda kilima.

Basi vijana wanaondoka. Wengine Bali, kwenye ujenzi na mahotelini, wengine Malaysia, kwenye michikichi na majumbani mwa watu, wengi wao bila vibali. Miaka kadhaa sasa, zaidi ya maiti 100 kwa mwaka za wafanyakazi wa mkoa huu zimeshushwa kutoka ughaibuni katika uwanja wa ndege wa Kupang. Mwaka 2018 mkoa ulitangaza kuzuia watu kwenda, na watu wakaenda, kwa kuwa katazo halioteshi mahindi. Binti anayeondoka hapa hakukichukia kijiji. Amepiga hesabu ya madumu, ya ada, ya deni la baba yake.

Hatuombi wazuiwe. Tunaomba anayetaka kwenda aende na karatasi zake, mkataba aliousoma na namba ya mtu wa kumpigia. Afisa wa kazi anakaa mjini, na kumfikia ni nauli na siku nzima barabarani. Dalali wa wafanyakazi ana pikipiki, anazijua nyumba zenye madeni, na huja Januari, mahindi yakiwa bado shambani na ghala tupu. Afisa naye aje Januari.