Mwalimu Naye ni Binadamu



Huku hospitalini, mitihani ikikaribia, walimu huongezeka kwenye foleni yetu. Kichwa kinauma, usingizi haupatikani, moyo unakwenda mbio. Tunapima malaria, hakuna. Tunapima presha, imepanda. Tukimpa mwalimu kiti na kumwuliza taratibu, ndipo husema: "Sista, siku hizi naogopa kuingia darasani."

Tunakiri kosa letu. Mara nyingi tumempa vidonge vya maumivu na kumwita mgonjwa anayefuata. Vidonge kama diklofenaki vikimezwa kila siku huweza kuchubua tumbo na kuipandisha presha ileile. Na hofu yake amerudi nayo nyumbani.

Mwili ukihisi hatari hujiandaa kupigana au kukimbia: moyo hudunda kasi, misuli hukaza, sukari huongezeka katika damu. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini kwa mwalimu mwenye watoto mia katika darasa moja, madaftari ya kusahihisha hadi usiku, na mkopo unaokata mshahara, hatari haipiti. Elimu bila ada hadi kidato cha nne ilipoanza nchini mwetu Januari 2016, sote tulishangilia, na ni haki. Watoto wakaja kwa wingi. Madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limetaja alama tatu za mtu aliyechoshwa na kazi kupita kiasi: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kujiona haiwezi tena. Halikuiita hali hiyo ugonjwa. Limesema hutokana na msongo wa kazini usioshughulikiwa vema. Basi dawa yake haimo katika kabati letu peke yake.

Wapo wasemao, "Mwalimu yule mlevi, yule mkali mno." Hatutetei ulevi wala kuumiza watoto. Lakini mtu asiyejiamini tena hutafuta pa kujificha: huyu kwenye pombe, yule kwenye fimbo. Anayeumia mwishoni ni mtoto wetu.

Wazazi, msimgombeze mwalimu mbele ya mwanafunzi wake. Nendeni ofisini, mketi, mzungumze. Na siku mtoto akijua kusoma, rudini kusema asante. Ni wachache mno warudio. Jumuiya Ndogo Ndogo, msimbebeshe mwalimu ukatibu, kwaya na mafundisho kwa pamoja, eti kwa kuwa anajua kuandika. Walimu wakuu, mwenzenu akikosea, mwonyeni faraghani.

Nawe mwalimu, pima presha, na ukiandikiwa dawa usiziache kwa kujiona umepona. Tembea jioni, lala mapema, mweleze mwenzako unayemwamini. Usingizi ukikukimbia kwa majuma mawili, njoo utuone. Ukipata wazo la kujidhuru, njoo siku hiyohiyo, hata usiku. Kuomba msaada si aibu, wala si upungufu wa imani. Sala na matibabu havigombani.

Sisi sote tulishikwa mkono na mwalimu tulipoandika herufi ya kwanza. Leo mkono wake unatetemeka. Tumshike.