Eti "ndege ndogo ni ndege ndogo tu"!

Majaribio yamebana wiki hii lakini hili siwezi kuliacha lipite. Hapa hosteli kuna ubishi, umeanzishwa na jamaa mmoja ambaye binamu yake kapata leseni ya urubani binafsi. Hoja yao: ukishaweza kurusha Cessna 172, basi ndege yoyote ndogo ya injini moja ni yako, kilichobaki ni kuzoea viti. Wanaongeza, kwa kujiamini kabisa, kwamba hata leseni yenyewe inasema hivyo.

Leseni inasema nini? Kwa viwango vya ICAO unaipata kuanzia miaka 17, ukiwa na saa zisizopungua 40 angani (35 ukisoma chuo kilichoidhinishwa), na inakupa daraja: ndege za injini moja za nchi kavu. Daraja zima. Sheria imefungua geti, jamaa wanadhani imewafundisha na njia. Kwetu Tarime mtu akinunua maksai wapya mnadani hawafungi jembe siku hiyohiyo akawaingiza shambani peke yake. Na hao ni ng'ombe, wakigoma unawaacha hapo unaenda kunywa uji. Angani utaiacha wapi?

Chukua hiyo 172. Koki yake ya mafuta ina nafasi ya matangi yote mawili kwa pamoja, unaiweka hapo unaendelea na safari. Hamia Piper Cherokee: ni kushoto au kulia, basi, mwenyewe ukumbuke kuhamisha. Ukisahau, injini inazima huku tangi la pili lina mafuta kibao. Na hapo hujabadili hata idadi ya magurudumu!

Mnasema natisha watu? Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alianguka baharini kule California. Alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za kurusha. Ndege ilikuwa Long-EZ, ngeni kwake, kaichukua jana yake tu. Koki ya mafuta ilikuwa nyuma ya bega lake la kushoto, haina hata alama. Wachunguzi wa Marekani, NTSB, walisema alipokuwa akihangaika kuifikia alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, ndege ikamshinda. Na kati ya sababu waliandika waziwazi kwamba mafunzo yake ya kuhamia ndege ile hayakutosha. Saa 2,700, ndugu zangu! Binamu ana ngapi?

Halafu kuna gurudumu la mkia. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958 kwa Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya pundamilia. Gurudumu lake dogo liko mkiani, wakati la 172 liko puani. Kwenye ndege ya mkia uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ukitua ikayumba kidogo, nyuma inataka kutangulia mbele. Miguu ifanye kazi mpaka ndege isimame kabisa. Aliyezoea 172, miguu yake imelala. (Michael alikufa 10 Januari 1959, ana miaka 24, baada ya kugongana na tumbusi, siyo kwa kutojua ndege yake. Asiniletee mtu mfano huo.) Marekani tangu 1991 wanadai saini ya mkufunzi kabla hujawa rubani mkuu wa ndege ya aina hiyo.

Ila kinachoniudhi zaidi ni mahali watu wanapojifunzia. Mtu atakwambia "nimeshafanya", kumbe ni mizunguko mitatu Dar, usawa wa bahari, asubuhi, tangi nusu. Seronera iko takribani mita 1,500. Injini isiyo na tabo imeshapoteza kama asilimia 15 ya nguvu hapo, kabla hujaongeza jua la saa nane. Kipimo cha mwendo kinasoma yaleyale ya Dar, lakini ardhini unakwenda kasi zaidi na kiwanja kinaisha mapema. Pakia watu wanne na mabegi, weka na nyumbu anayejivutavuta njiani. Ndege ngeni, urefu mgeni, joto geni, vyote siku moja!

Sisi wa ualimu tunalijua hili. Chuoni unafundisha wenzako kumi wanaokuhurumia, halafu BTP unakutana na kidato cha pili, watoto tisini. Anayesema ni kazi ileile hajasimama pale mbele.

Ni ghali, najua. Lakini anayemudu mafuta ya ndege asinililie shida ya ada ya mkufunzi. Akikosea haangukii kwenye makaratasi yake, anaangukia shamba la mihogo la mama wa Mugumu ambaye hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo akae na mkufunzi anayeijua aina hiyo, ashike kila koki na swichi macho yamefungwa, apunguze mwendo huko juu mpaka ndege ikose hewa ya kuibeba, tena zaidi ya mara moja. Halafu waje wote wawili huku kwetu, mchana wa jua kali, na mzigo. Shangazi aliyeshona kitenge kipya kwa ajili ya safari asubiri kwanza.