Chumba Katika Meli ya Shehena

Makarani tumezoea kuipima safari kwa nauli peke yake. Twaandika haya kwa ajili ya wenzetu wanaofikiri kupanda meli ya shehena katika likizo zao, maana safari hiyo ina heshima yake, na mtego wake pia.

Heshima yake ni kwamba ndani yake hamna madaraja. Katika Liemba, iliyorudi kazini Ziwa Tanganyika mwaka 1927, mwenye fedha alipata chumba na kitanda. Asiye nazo alilala sitahani kando ya mizigo. Katika meli ya shehena abiria hupewa chumba karibu na maofisa, chenye kitanda na meza ya kuandikia, na mara nyingi bafu yake mwenyewe, naye hula chumba kimoja na maofisa hao. Kwa watu tuliozoea kuulizwa cheo kabla ya kupewa kiti, hilo si jambo dogo.

Lakini abiria hao hawazidi 12. Mkataba wa mataifa wa mwaka 1974 juu ya usalama wa roho za watu baharini wasema kwamba meli ichukuayo zaidi ya hao ni meli ya abiria, nayo hubebeshwa masharti mazito zaidi. Daktari naye hayumo, kwani mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 wamdai katika meli yenye watu 100 au zaidi. Basi mwenye ugonjwa wa moyo asidanganywe na kitanda kizuri. Na ngazi zenyewe ni nyingi.

Yafaa pia kuuliza kabla ya kulipa: dirisha laelekea wapi? La mbele huenda likazibwa na makontena, msafiri akakaa majuma mawili akitazama bati.

Mtego ni siku. Meli hii hufuata mzigo, haimfuati mtu. Gati ikijaa, hutia nanga nje ikangoja. Na bandari uliyoitazamia yaweza kurukwa. Karani mwenye likizo ya siku 28 atakuja kuitwa mtoro, naye yuko baharini hana la kufanya. Twaonelea chama kiwaombe wakubwa wa kazi waikubali barua ya nahodha kuwa ushahidi wa kuchelewa. Mpaka hapo watakapojibu, mwanachama na aende kwa meli ya shehena, arudi kwa njia nyingine.