Shingo Nene Si Aibu

Wasee wa gitaa, tuelewane. Kila nikichonga gitaa hapa Lodwar, lazima mtu ashike shingo aseme, "Hii si ni mpini wa shoka?" Anataka milimita 20, kama ile aliyoiona dukani Nairobi.

Haya, tupige hesabu. Ubao wa vidole unakula 6. Chuma cha ndani, kile unachokaza kwa alenki kunyoosha shingo, kinataka mfereji wa kina cha 10. Mgongoni zimebaki milimita 4 za mbao, na nyuzi sita za chuma zinavuta karibu kilo 70, mchana na usiku. Sasa ifunge juu ya matatu uipeleke Kakuma, kilomita 120 hivi za jua kali.

"Si utakaza chuma?" Chuma kinanyoosha mpindo, hakirudishi mbao uliyoichonga ukaitupa. Wanaokaza kwa hasira ndio hupasua shingo.

Mimi naacha 24. Mbao ile ile, ikitoka 20 kwenda 24, ugumu wake wa kupinda unaongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Natumia mathenge, ndiyo, mti huo huo mnaoulaani. Ukishakauka hautikisiki ovyo. (Kupata kipande kilichonyooka ndiyo balaa.) Na wapiga rumba wa Kakuma, wanaokesha na hizo shingo, hawajaniletea malalamiko ya vidole.

Bado unataka nyembamba? Niletee kwanza chuma cha kina cha milimita 6, ndiyo tuongee.