Asali ya mgonjwa wa sukari

Kuanzia Mbuyuni, Moshi mjini, hadi Marangu, asali, chavua na matone ya gundi ya nyuki vinauzwa kwa ahadi mbili: kushusha sukari na kusafisha ini.

"Asali haipandishi sukari, ni ya asili." Hili ndilo dai baya kuliko yote. Takribani asilimia 80 ya asali ni sukari. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu kama 17 za sukari. Glukosi yake inaingia kwenye damu. Fruktosi inakwenda kwenye ini, na ikizidi, ini huigeuza mafuta. Mwenye ini lenye mafuta anauziwa kinachomuumiza, tena kwa bei ya dawa.

"Lakini hii ni ya nyuki wadogo." Hapa muuzaji ana hoja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland waligundua kwamba asali ya nyuki hao wadogo wasiouma wa Australia, Malaysia na Brazil ina trehalulosi, sukari inayomeng'enywa polepole. Ila chupa ya maji iliyojazwa asali sokoni haina lebo inayosema imo kiasi gani, na kitu ghali hakikosi wachakachuaji.

"Gundi imethibitishwa na wanasayansi." Majaribio yapo, mengine ya Iran, na katika baadhi yake sukari ilishuka kidogo, hata mafuta ya ini yalipungua. Wagonjwa walikuwa wachache, muda ulikuwa mfupi, na wa kisukari kwa kawaida waliendelea na dawa zao. Hilo la dawa husikii likitajwa sokoni. Isitoshe, nyuki hutengeneza gundi kwa utomvu wa miti iliyo jirani, kwa hiyo gundi ya Iran si ya Rombo. Na kwa kuwa gundi haiyeyuki vizuri kwenye maji, matone mengi huandaliwa kwa pombe. Mwenye ini bovu aulize kwanza chupa ina nini.

"Vidonge ni kemikali, hivi ni vya Mungu." Metformini, kidonge cha kisukari kinachojulikana kuliko vyote, asili yake ni utafiti wa mmea uitwao galega. Na kuvikataa vidonge si jambo geni: mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, wapo waliokunywa wakaacha dawa zao. Anayetaka matone ya gundi ayanywe daktari wake akijua, vidonge vikiendelea.

Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 7 hadi 10 hulisaidia ini kuliko chupa yoyote ya mzinga, na pombe ya mbege nayo ipungue. Zao la Kilimanjaro ambalo tafiti kubwa zimelihusisha na ini lenye makovu machache ni kahawa. Huo ni uhusiano tu, haujawa tiba, lakini hata kahawa hiyo tunaisafirisha nje kwa magunia, kisha nyumbani tunakunywa chai ya vijiko vitatu vya sukari.