Mcheza kwao hutunzwa: Isiolo na muziki wa sinema

Wakazi wengi wa Isiolo wamepata kuisikia habari ya Elsa. Mwaka 1956 George Adamson, aliyekuwa mlinzi wa wanyama wa pori mwenye makao yake Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akawachukua watoto wake watatu. Mmoja wao ndiye Elsa. Mkewe, Joy Adamson, aliandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1960, na mwaka 1966 sinema ya "Born Free" ikaonyeshwa ulimwenguni.

Muziki wa sinema hiyo ulipata tuzo mbili za Oscar mwaka 1967, moja kwa muziki wenyewe na ya pili kwa wimbo wake. Mtunzi alikuwa Mwingereza, John Barry, na maneno ya wimbo yaliandikwa na Don Black. Hivyo hadithi ilitoka kwetu kaskazini, lakini sauti yake ikatungwa na mgeni. Barry hana kosa hapo, maana alipewa kazi akaifanya vizuri. Swali la kujiuliza leo ni hili: sinema nyingine ikitengenezwa juu ya Isiolo, muziki wake utatungwa na nani?

Yafaa kukumbuka kwamba Barry hakuanzia kwenye sinema. Alianza na bendi yake, John Barry Seven, iliyokuwa ikiwachezesha vijana wa Uingereza tangu mwaka 1957. Baadaye akahamia kwenye sinema, na hata michezo ya jukwaani akaitungia muziki. Hadi alipofariki mwaka 2011 alikuwa amepata tuzo tano za Oscar, mojawapo ikiwa ya "Out of Africa" ya mwaka 1985, sinema nyingine iliyopigwa hapa Kenya.

Njia hiyo mwenzetu mmoja ameipita pia. Eric Wainaina alijulikana kwanza katika kundi la Five Alive, kisha kwa wimbo wake "Nchi ya Kitu Kidogo" uliokemea hongo. Angaliweza kuendelea na nyimbo za redio peke yake na asilaumiwe na mtu. Badala yake aliigeukia hadithi ya Lwanda Magere, yule shujaa wa Wajaluo mwenye mwili wa jiwe, akaifanya mchezo wa jukwaani wenye nyimbo. Mchezo wake "Mo Faya" ulionyeshwa New York mwaka 2009. Tena ndiye aliyezitungia nyimbo katuni za "Tinga Tinga Tales", zilizochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, na baadaye hadithi hizo nazo zikapandishwa jukwaani.

Je, mtunzi anayehama hivi hubadili nini hasa? Wimbo wa redio hujitegemea. Una dakika tatu au nne, na mwenye wimbo ndiye bwana. Wimbo wa jukwaani ni mtumishi wa hadithi. Ukiisha, lazima jambo liwe limesogea: mtu ameamua, amedanganywa au amekata tamaa. Kama haukusogeza kitu, mwongozaji ataukata, hata uwe mtamu namna gani. Katika sinema mambo ni magumu zaidi, kwani muziki hupimwa kwa sekunde, na mara nyingi sifa yake ni kunyamaza mwigizaji anaposema. Mtunzi aliyezoea kushangiliwa yeye mwenyewe hana budi kujifunza kukaa nyuma ya pazia.

Huenda msomaji akadhani kwamba ufundi huu ni wa kigeni. Sivyo hata kidogo. Wafugaji wa Kiborana wanapoteka maji katika visima virefu husimama kwa safu toka chini hadi juu, ndoo ikipanda mkono kwa mkono, na wimbo ndio unaopima mwendo wa mikono hiyo. Wasamburu nao huimba visimani. Wimbo wa namna hiyo hauimbwi kwa kujionyesha. Unafuata kazi, nayo kazi inaufuata. Mtu aliyelelewa katika nyimbo kama hizo tayari anaujua msingi wa muziki wa sinema. Na Isiolo, mji wanamokutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, haupungukiwi na sauti.

Linalopungua ni mambo mawili. La kwanza ni nafasi ya kujaribu. Mchezo wenye nyimbo hauandikwi kwa usiku mmoja. Hutungwa, ukachezwa mbele ya watu wachache, ukavunjwa na kujengwa upya. Kwa hiyo wahitaji ukumbi, waigizaji na fedha za kuwalipa. La pili ni mkataba. Mtayarishaji akimlipa mtunzi mara moja na kuchukua haki zote, mtunzi huyo atausikia muziki wake ukichezwa kila mahali bila kupata hata senti. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inataka kuhamishwa kwa haki hizo kuwe kwa maandishi yenye sahihi. Lakini sheria haiwezi kumsaidia aliyetia sahihi karatasi asiyoisoma.

Kwa hiyo kaunti, shule na watengenezaji wa sinema wanaokuja Isiolo kupiga picha za mbuga za Shaba na Buffalo Springs wasiishie kuwaajiri wenyeji kuwa madereva na wapagazi. Wawatafute pia watunzi wa hapa, wawape kazi na wawaandikie mikataba ya haki. Nao watunzi wetu waliokwisha kupata jina kwa nyimbo za harusi na za redio wasiogope kugeuza njia kati ya safari, kwani waliowatangulia hawakupotea.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Isiolo imekwisha kutoa hadithi. Sasa na itoe mchezaji, na sisi tumtunze.